Mwongozo kamili wa rekodi ya LOC: kuandika mahali seva ilipo ndani ya DNS bila kutua Brazili

Malalamiko ninayoletewa kuhusu rekodi ya LOC ni mawili tu. La kwanza: "Nimeiweka, nikiuliza sipati kitu." La pili: "Imekubali vizuri, ila ramani inaonyesha seva yangu iko Brazili." Nimezipitia rekodi hizo moja baada ya nyingine, na karibu kila mara DNS, yaani daftari la majina ya mtandao, haikuwa na kosa lolote. Kosa lilianzia kwenye namba, kabla hata mtu hajafungua faili la zoni, lile linalobeba rekodi za kikoa. Ndiyo maana hapa tutakaa sana kwenye namba, na kwenye seva tutapita mbiombio.

Mfano wetu ni Fort Jesus, Mombasa, kwa sababu kila mtu anaweza kuitafuta kwenye ramani na kujihakikishia. Jina la kikoa nitatumia `ngome.example`. Majina yanayoishia na `.example` yametengwa kwa ajili ya mifano, hayasajiliwi na mtu. Wewe weka la kwako.

## Kwanza, je, LOC ndiyo unayoitafuta?

LOC ni aina ya 29 ya rekodi za DNS, na kanuni zake ziko kwenye RFC 1876 (RFC ni nyaraka za kanuni za mtandao) ya Januari 1996. Inabeba mambo sita: latitudo, longitudo, kimo, ukubwa wa kitu, na kiasi unachoweza kuwa umekosea kwa ulalo na kwa wima.

Kazi yake ni kutangaza tu. Kivinjari hakiisomi. Haimpeleki mgeni kwenye seva iliyo karibu naye. Haiweki duka lako kwenye ramani ya Google. Inamfaa mwenye kituo cha hali ya hewa, seva ya saa, mnara wa redio au kifaa kingine cha mtandao anayetaka mafundi wenzake wajue kilipo kwa swali moja la DNS.

Wengi wanaonifuata wana shida nyingine kabisa: anwani zao za IP zinaonekana ziko nchi ya jirani, kwa hiyo tovuti zinawaonyesha bei na lugha zisizo zao. LOC haitibu hilo. Dawa yake ni geofeed, iliyoelezwa kwenye RFC 8805 ya mwaka 2020. Ni faili la maandishi lenye mistari ya namna hii:

```
192.0.2.0/24,KE,KE-28,Mombasa,
```

Mwenye anwani hulichapisha kwenye tovuti yake, na kampuni zinazotunza ramani za IP hulichukua. Kama hiyo ndiyo shida yako, ishia hapa ukamwone anayekupa anwani. Wengine tuendelee.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kikoa ambacho una mamlaka ya kubadilisha rekodi zake.
- Seva ya DNS au paneli inayokubali aina ya LOC. BIND, programu ya seva ya DNS, inaikubali, na Cloudflare wana sehemu yake. Paneli nyingi za bei nafuu huishia A, CNAME, MX na TXT, kwa hiyo angalia orodha ya aina kabla hujapoteza jioni nzima.
- Programu ya `dig`, ya kuuliza maswali ya DNS. Kwenye Ubuntu na Debian: `sudo apt install dnsutils`. Kwenye simu yenye Termux: `pkg install dnsutils`.
- Simu yenye GPS, au ramani yoyote inayotoa kuratibu.
- Kikokotoo, na karatasi. Naam, karatasi.

Onyo moja mapema. DNS ni ya hadharani, na jibu likishachukuliwa huwezi kulirudisha. Usitangaze nyumba yako. Kama seva iko sebuleni, ruka sekunde kabisa uishie kwenye dakika, kanuni inaruhusu. Dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85, inayotosha kusema mtaa bila kusema mlango.

## Hatua ya 1: Chukua kuratibu

Kwenye Google Maps, bonyeza mahali penyewe kwa muda hadi alama itokee. Kwa Fort Jesus utapata kitu kama hiki:

```
-4.062778, 39.679722
```

Namba ya kwanza ni latitudo, ya pili ni longitudo. Usiibadilishe mpangilio. LOC nayo inataka latitudo kwanza, lakini programu kadhaa za ramani huandika longitudo mbele, na hapo ndipo wengine hupotea.

Umefaulu ikiwa: umezibandika namba hizo upya kwenye ramani na alama imerudi palepale.

## Hatua ya 2: Geuza desimali kuwa digrii, dakika na sekunde

LOC haipokei digrii zenye nukta. `4.062778` itakataliwa. Sehemu pekee ya kuratibu inayoruhusiwa nukta ni sekunde, tena hadi tarakimu tatu baada ya nukta.

Sahau alama ya kutoa kwa sasa. Chukua 4.062778:

- Namba nzima ni 4. Hizo ni digrii.
- 0.062778 × 60 = 3.76668. Dakika ni 3.
- 0.76668 × 60 = 46.0008. Sekunde ni 46.

Sasa 39.679722:

- Digrii 39.
- 0.679722 × 60 = 40.78332. Dakika 40.
- 0.78332 × 60 = 46.9992. Sekunde 47.

Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31, na sehemu yake moja ya elfu ni sentimita 3. Simu yako haina usahihi huo, kwa hiyo usijisumbue na mkia wa namba.

Tahadhari unapokadiria: sekunde haziruhusiwi kufika 60. Ukipata 59.9997 na kuikadiria, andika sekunde 0 na uongeze dakika moja.

## Hatua ya 3: Herufi ya upande

LOC haijui alama ya kutoa kwenye latitudo wala longitudo. Upande unaonyeshwa kwa herufi: N au S kwa latitudo, E au W kwa longitudo.

Kuna aliyewahi kuniuliza kwa nini hatuwezi kuandika za kwetu. Jaribu uone: kaskazini na kusini zote K, mashariki na magharibi zote M. Tubaki na N, S, E, W.

Kanuni yetu ni rahisi. Afrika Mashariki yote ni E. Tanzania, Rwanda na Burundi zote ni S. Kenya, Uganda na Kongo zimekatwa na ikweta, kwa hiyo angalia: Nairobi na Kisumu ni S, Kampala ni N. Kwenye desimali, latitudo yenye alama ya kutoa ni S.

Kosa kubwa hutoka kwenye mifano ya kunakili. Mingi imeandikwa Marekani na ina N na W. Mtu anabadilisha tarakimu anasahau herufi. Tazama Fort Jesus inavyohama:

- Ukiandika N badala ya S, ngome inaamkia maeneo ya mpaka wa Kenya na Ethiopia, upande wa Moyale.
- Ukiandika W badala ya E, iko jimbo la Ceará, Brazili. Hao ndio wale wa lalamiko la pili.
- Ukibadilisha mpangilio, 39 kuwa latitudo na 4 kuwa longitudo, imezama Atlantiki ya kusini, mbali na nchi kavu yoyote.

Seva haitakukosoa kwa hata moja kati ya hayo. Kwake zote ni kuratibu halali.

Umefaulu ikiwa: una `4 3 46 S 39 40 47 E`.

## Hatua ya 4: Kimo, ambacho si kimo unachokijua

Kimo ni lazima. Ukikiacha, rekodi nzima inakataliwa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitegemei. LOC haipimi kimo kutoka usawa wa bahari. Inapima kutoka umbo laini la kihesabu la dunia linaloitwa WGS 84, lilelile linalotumiwa na GPS. Bahari halisi hailifuati umbo hilo. Kwingine imeinuka juu yake, kwingine imezama chini. Kwenye pwani yetu imezama, kwa zaidi ya mita 20. Kituo cha kudumu cha GPS kule Malindi kimejengwa nchi kavu, na bado kimo chake kwa WGS 84 ni karibu mita 20 *chini* ya sifuri.

Kwa hiyo ukiwa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja na ukaona kimo hasi, usikirekebishe. Huenda ndicho sahihi.

Shida ni kwamba programu za simu hazifanani. Nyingine huonyesha kimo cha WGS 84, nyingine hukigeuza kwanza kuwa cha usawa wa bahari bila kukwambia. Njia yangu ya kuijua: nenda ufukweni, simama karibu na maji. Ikisoma kama sifuri, programu inatumia usawa wa bahari, nawe utoe zile mita 20 na kitu. Ikisoma chini ya -20, inatumia WGS 84 moja kwa moja. Uache uwanja wa makosa wa mita kadhaa, maana GPS ya simu hukosea zaidi kwenye kimo kuliko kwenye ulalo.

Kwa Fort Jesus, iliyo juu ya mwamba wa matumbawe, nitaandika makadirio: `-10m`. Alama ya kutoa inaruhusiwa kwenye kimo, na kwenye kimo tu.

Namba na herufi `m` zishikane. Ukiandika `-10 m`, seva inadhani hiyo `m` ndiyo ukubwa wa kitu, na inakataa.

## Hatua ya 5: Ukubwa na kiasi cha kukosea

Baada ya kimo kuna namba tatu za hiari, kwa mpangilio huu: ukubwa, kosa la ulalo, kosa la wima. Huwezi kuruka ya katikati. Ukitaka kuandika kosa la ulalo, ni lazima uandike ukubwa kwanza.

Ukiziacha zote, seva itaweka zake: mita 1, mita 10000 na mita 10. Soma hiyo ya pili tena. Umehangaika kupata sekunde, halafu rekodi yako inatangaza kwamba hujui ulipo ndani ya duara la kilomita 10. Ziandike.

Ukubwa ni kipenyo cha tufe linaloweza kukifunika kitu chote. Kwa ngome nimeweka `200m`. Kwa seva moja, `1m` yatosha.

Kosa la ulalo nalo ni kipenyo, si nusu kipenyo. Simu ikisema usahihi ni mita 25, inamaanisha mita 25 kila upande, kwa hiyo unaandika `50m`. Kosa la wima ni vivyo hivyo, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Ukiwa na shaka ya mita 10 juu na 10 chini, andika `20m`.

Sasa jambo linalowachanganya hata wazoefu. Kila moja ya namba hizi tatu inahifadhiwa kwenye baiti moja tu: tarakimu moja, kisha idadi ya sifuri, kwa sentimita. Hakuna nafasi ya tarakimu ya pili. Ukiandika `25m`, BIND inahifadhi `20m`, na ukiuliza ndiyo utakayorudishiwa. Haijaharibika. Lakini kwa kuwa inakatwa kushuka chini, rekodi inadai usahihi usiokuwa nao. Pandisha mwenyewe: 25 iandike 30, 55 iandike 60.

## Hatua ya 6: Andika mstari

Kwenye faili la zoni:

```
ngome.example.  3600  IN  LOC  4 3 46.000 S 39 40 47.000 E -10m 200m 50m 20m
```

Kagua vitu vinne kwa macho kabla hujahifadhi:

- Nukta mwishoni mwa jina. Bila hiyo, BIND inaongeza kikoa tena na unapata `ngome.example.ngome.example`.
- Hakuna alama za digrii wala za sekunde. Google Maps hukupa `4°03'46.0"S`, na ile alama ya kunukuu pekee yatosha kuvuruga usomaji wa faili.
- Hakuna koma popote, hata ya desimali.
- Jina hilo halina CNAME, yaani rekodi inayolielekeza jina kwenye jina jingine. Jina lenye CNAME haliwezi kubeba rekodi nyingine, na `www` ya watu wengi ni CNAME. Weka LOC kwenye jina lenye rekodi ya A, ile ya anwani ya IP.

Kwenye paneli utakuta visanduku vya kujaza badala ya mstari. Kisanduku cha upande mara nyingi huja kikiwa tayari na N au W. Kitazame mara mbili.

Kisha pandisha namba ya mfululizo kwenye SOA, rekodi ya mwanzo ya zoni. Ukisahau, seva kuu itakuwa na rekodi na seva za pili hazitakuwa nayo, nawe utakuwa ukipata jibu swali moja na kulikosa linalofuata. Wenye paneli hili haliwahusu.

## Hatua ya 7: Kagua, ndipo upakie

```
named-checkzone ngome.example /etc/bind/db.ngome
```

Unatafuta neno `OK` mwishoni. Likitokea kosa litakuja na namba ya mstari. Usipakie zoni yenye kosa kwa kutumaini itajiweka sawa. Inaweza kukataliwa nzima, na barua pepe za ofisi zikakwama pamoja nayo kwa sababu ya kuratibu za ngome.

Ikiwa safi:

```
rndc reload ngome.example
```

## Hatua ya 8: Uliza seva yako kwanza

Wengi hukimbilia kuuliza `8.8.8.8`, seva ya DNS ya umma ya Google, kabla hata hawajapakia, "kuona kama ipo". Kumbe wanajifungia mlango. Jibu la "haipo" nalo huhifadhiwa, kwa muda unaotajwa kwenye SOA, na hadi muda huo uishe utaendelea kuambiwa haipo.

Anza na seva yenye mamlaka, ile inayotunza zoni yako:

```
dig @ns1.ngome.example ngome.example LOC +short
```

Umefaulu ikiwa unaona:

```
4 3 46.000 S 39 40 47.000 E -10.00m 200m 50m 20m
```

Hapo ndipo uulize ya nje, kwa `@1.1.1.1` au `@8.8.8.8`. Kisha geuza jibu ulilopata, si namba ulizoandika, kuwa desimali na uliweke kwenye ramani. Hiyo ndiyo hatua pekee inayokamata S na N zilizobadilishana.

Ukikosa jibu, ondoa `+short` usome hali. `NXDOMAIN` inamaanisha jina lenyewe halipo: rudi kwenye ile nukta ya mwisho. `NOERROR` yenye `ANSWER: 0` inamaanisha jina lipo ila LOC haipo: hujapakia, au ni lile jibu la "haipo" lililohifadhiwa, au umehariri faili ambalo seva hailitumii. Hilo la mwisho limenipata mwenyewe, usiku wa manane, kwa saa nzima.

## Programu ya seva yako ikiwa haiitambui LOC

Kuna njia ya pembeni. RFC 3597 inaruhusu rekodi yoyote iandikwe kwa namba ya aina na baiti zake ghafi. LOC daima ni baiti 16. Ya ngome yetu ni hii:

```
ngome.example. 3600 IN TYPE29 \# 16 ( 00245323 7F20D330 8883AC18 00989298 )
```

Baiti ya kwanza, `00`, ni toleo. Zinafuata `24`, `53` na `23`: 2 yenye sifuri nne ni sentimita 20000, yaani mita 200, 5 yenye sifuri tatu ni mita 50, 2 yenye sifuri tatu ni mita 20. Ile tarakimu moja niliyoisema sasa unaiona kwa macho.

Latitudo ni sehemu za elfu za sekunde, ambapo ikweta ni 2147483648. Sekunde zetu ni 4 × 3600 + 3 × 60 + 46 = 14626, sawa na 14626000 kwa sehemu za elfu. Kwa kuwa ni S tunatoa, tunabaki na 2132857648, ambayo kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16) ni `7F20D330`. Longitudo ni sekunde 142847, na kwa kuwa ni E tunajumlisha: 2290330648, yaani `8883AC18`.

Kimo huhesabiwa kwa sentimita kuanzia kilomita 100 chini ya WGS 84. Mita 10 chini ya sifuri ni 10000000 − 1000 = 9999000, yaani `00989298`.

Paneli isiyo na LOC kwa kawaida haitakubali TYPE29 pia. Njia hii ni ya mwenye seva yake na faili lake mkononi.

## Siku seva ikihama

Rekodi haijui kuwa umehamisha mashine. Siku mbili kabla ya kuhama, shusha TTL (sekunde ambazo jibu huhifadhiwa) kutoka 3600 hadi 300 na upakie. Siku yenyewe badilisha kuratibu, pandisha namba ya mfululizo, pakia, uliza, kisha rudisha TTL. Na ikiwa huna uhakika bado kifaa kitakaa wapi, futa mstari mzima wa LOC hadi kitakapofungwa.